Upande wa Ini

Ilianza Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika saa, na mimi ndiye niliyeijaza, kwa mwandiko wangu mdogo ambao mwalimu wa Kiswahili husema ni wa mchwa. Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha tatu. Nyumbani ni Lodwar na shule iko Lodwar, lakini likizo ile nilikuwa Kakuma kwa mama mdogo, dada yake mama, ambaye ni muuguzi katika zahanati moja ya pale.

Mkalimani wa zahanati alikuwa ameenda Lokori kwenye matanga. Mama mdogo akasema kwa kuwa najua Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza cha shule, nikae mezani niulize watu wanaumwa wapi, niandike, halafu niweke alama kwenye mchoro.

"Si kazi ya kuongea sana," akaniambia, maana ananijua. "Ni maswali matatu tu. Wapi, tangu lini, na kunaumaje."

Mimi ni mtu wa haya. Siandiki hivi ili nihurumiwe. Ndivyo nilivyo, kama mwingine alivyo mrefu. Tangu kidato cha kwanza sijainua mkono darasani. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, joto hunishika kwenye mitulinga, ile mifupa miwili chini ya shingo, likapanda shingoni hadi masikioni, na maneno yote niliyokuwa nayo yanapotea. Kwa hiyo maswali matatu yalinifaa.

Nyuma ya fomu kulikuwa na mchoro wa mtu, mara mbili: akitazamwa mbele na akitazamwa nyuma. Hakuwa na macho wala nguo, wala haikujulikana ni mwanamume au mwanamke. Alisimama wima, mikono chini, viganja vikiwa vimefunguliwa kuelekea mbele. Nilimfahamu. Ni yule yule wa kitabu cha bayolojia.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa bayolojia alitutoa nje ya maabara, akanichagua mimi katika wasichana thelathini na kitu, akanisimamisha mbele ya wenzangu kama yule mtu wa kitabu. Akasema huo ndio mkao ambao maneno yote ya mwili yanaanzia, hata kama mtu mwenyewe amelala, ameinama au ananing'inia mtini. Juu ni kuelekea kichwani. Mbele ni upande wenye kitovu. Kuna mstari unaoshuka kutoka puani hadi kitovuni na kwenda chini. Kuukaribia mstari huo ni kati, kuuacha ni pembeni. Kiwiko kiko karibu na kiwiliwili kuliko kifundo cha mkono, na kifundo kuliko vidole. Alikuwa akinigusa kwa chaki kila mahali anapotaja, sare yangu ikajaa alama nyeupe. Kisha akaweka chaki kwenye bega langu, akauliza darasa, "Hili bega gani?"

"La kushoto!" wakajibu wote kwa pamoja, kwa sababu lilikuwa upande wao wa kushoto.

Alicheka mpaka akashika magoti. "Mwili una mwenyewe," akasema. "Kulia ni kulia kwake, si kwako wewe unayemtazama. Nyinyi mkiwa madaktari mtawakata watu miguu mizima na kuwaachia mibovu."

Mimi nilijua jibu, maana bega lilikuwa langu. Sikusema. Nilisimama pale shingo ikiwaka nikangoja kengele.

Jioni ile nilianza daftari la mwili. Nilipiga mistari nikapata safu tatu: Kiingereza, Kiswahili, Kiturkana. Ya kwanza niliinakili kitabuni. Ya pili ilinichosha, kwa sababu kuna maneno ambayo hata mwalimu wa Kiswahili aliyatafuta: mtulinga, muundi, kongosho, wengu. Maneno mengine niliyajua tangu utotoni lakini niliyaandika kwa penseli, hafifu, ili mama akifungua daftari nipate kuyafuta haraka. Safu ya tatu alinijazia nyanya, mama yake baba, anayekaa upande wa Kerio. Hakwenda shule hata siku moja, lakini alilijua tumbo lote, kipande kwa kipande, na kila kipande kinalala juu ya kipi. Alilijua kwa mbuzi.

"Mtu na mbuzi wanapishana pembe tu," alisema. "Halafu mbuzi hadanganyi."

Basi Jumanne ile, saa tatu na dakika kumi, aliingia mama mmoja wa makamo, shanga zimepanda kutoka mabegani mpaka chini ya kidevu, ngozi kiunoni, fimbo mkononi. Alikaa kwenye benchi polepole, akiinamia mbele kama mtu anayebeba kitu kisimwagike.

"Ejok?" nikamsalimia.

"Ejok," akajibu.

Nikamuuliza panapouma. Kwanza alimtazama daktari, aliyekaa meza ya pili, hatua tatu kutoka kwetu, hakuna pazia. Daktari alikuwa kijana wa kutoka Kenya, kama tunavyosema huku tukimaanisha mtu yeyote wa ng'ambo ya Kapenguria, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Kwa umri angeweza kuwa mkwe wake, mume wa binti yake. Mama wa rika lile hawezi kushika tumbo lake la chini mbele ya mtu kama huyo akasema hapa ndipo.

"Kwenu kuna mbuzi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Wapo."

"Umewahi kumwona akifunguliwa?"

"Nimewaona wengi."

"Basi sikia. Mbuzi amelazwa chali, mimi nimekaa miguuni kwake, nina kisu. Panaponiuma ni upande wa mkono wangu huu." Aliinua kidogo mkono wa kushoto, bangili zikalia. "Chini, pale paja linapoanzia. Juzi kulianzia kwenye kitovu. Sasa kumehamia pale, na hakuhami tena."

"Chakula?"

"Sikitaki. Hata maziwa. Jana nilitapika."

Nikaandika: tumbo, chini, kushoto. Na hapa niseme kwamba nilikuwa makini kabisa. Nilipogeuza fomu kuweka alama nilikumbuka chaki kwenye bega langu, nikajiambia, mwili una mwenyewe, nikaweka msalaba kwenye kushoto kwake yule mtu wa karatasi, si kushoto kwangu mimi. Nilijisifu moyoni. Nilimpa yule mtu wa karatasi haki yake yote, nikamsahau mbuzi.

Daktari alisoma, akaja. Foleni ilikuwa imefika nje hadi kwenye mgunga, watoto wanalia. Alitaka kuinua ngozi na shanga, mama akazishika. Hakubishana naye. Alibonyeza kwa vidole viwili juu ya ngozi, chini kushoto, pale msalaba wangu uliposema. Mama alitazama ukuta. Hakukunja uso.

"Hapa?" akauliza daktari, nami nikatafsiri.

"Hapana."

"Hamna kitu kikubwa," daktari akasema. "Minyoo, au tumbo limejaa. Mpe hizi, na hizi za maumivu. Arudi Ijumaa kama bado."

Nikamweleza mama. Alivipokea vidonge, akavifunga kwenye ncha ya shuka, kisha akanitazama. "Mbona ameshika pale?"

Nilidhani analalamika kwamba ameguswa. Daktari alikuwa keshaita mwingine, na kumrudisha ilikuwa ni kusema kwa sauti mbele ya chumba kizima. "Ni kazi yake, mama," nikamwambia. Akainuka kwa fimbo. Nikaandika kwamba atalala kwa kaka yake, ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, karibu na pampu ya maji. Mgonjwa aliyefuata alikuwa na jipu kwenye kwapa, hilo halikuhitaji mbuzi.

Nje ya lango la zahanati kulikuwa na mama wa Kisudani, mkimbizi wa kambini, aliyeuza chai na mandazi. Alikuwa rafiki wa mama mdogo na walisali kanisa moja. Siku hiyo alifunga biashara mapema kwa sababu kaka yake, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka minne, alikuwa amefika asubuhi kwa lori kutoka Lokichoggio. Palikuwa na mbuzi. Saa kumi na moja jioni mimi na mama mdogo tulikuwa uani kwake kambini, juu ya kipande cha turubai, na mbuzi alikwisha kuchinjwa, yuko chali.

"Ya binti, kuja hapa!" akaniita yule mama. "Wewe nataka kula bure? Shika mguu."

"Nitashika vibaya."

"Mturkana gani hajui kushika mguu ya mbuzi? Kitabu nakula akili yako yote."

"Mwache," akasema kaka yake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti pekee cha nyumba hiyo kama bwana harusi. "Nasikia huyu ni daktari."

"Daktari ya karatasi! Shika. Hapana kama nashika nyoka. Kaa chini, vuta."

Nilikaa miguuni kwa mbuzi, nikaishika ile miguu ya nyuma, mmoja kila mkono, nikaitanua. Alipasua ngozi, kisha nyama nyembamba ya tumbo, kwa mkono mwepesi, bila kugusa utumbo. Tumbo kubwa la majani likafura, likajimwaga upande wa mkono wangu wa kulia. Na chini ya mbavu, upande wa pili, upande wa mkono wangu wenye saa, likatokea ini, jeusi, linang'aa.

Saa mimi huvaa mkono wa kushoto.

Yule mama aliliingizia vidole, akalipindua, akatafuta yale mafuko ya maji ya ugonjwa ambayo huku kila mtu huyatafuta. "Safi," akasema. "Hakuna maji. Ini ya mgeni." Kisha akaniona. "Nini? Umeona shetani?"

"Hili ini," nikasema. "Liko upande gani wa mbuzi?"

"Upande ya kula!" Wote wakacheka, na mama mdogo pia. "Vuta mguu, ya binti."

Nikavuta. Kwenye daftari langu, ukurasa wa tatu, nimeandika kwa wino: ini liko kulia. Kwa mtu na kwa mbuzi, nyanya alisema, ni upande ule ule. Na hapa lilikuwa kushoto, kwa sababu mimi niliyelitazama nilikuwa nimekaa miguuni. Nilifanya hesabu ile mara mbili, mikono ikiwa na damu, na mara zote mbili ikatoka vilevile. Kushoto kwa mtu aliyekaa miguuni na kisu ni kulia kwa mbuzi. Yule mama wa zahanati alikuwa ameniambia ukweli mtupu, na mimi nikauandika ulivyo, na fomu ikawa ya uongo.

Kitabu chetu kina ukurasa mmoja tu juu ya kidole tumbo, na mwalimu aliuruka kwa sababu hautoki sana kwenye mtihani, lakini mimi niliusoma. Maumivu huanzia kitovuni, yakahamia chini kulia. Mtu hukataa chakula, hutapika. Kikipasuka, usaha humwagika tumboni, na mtu hufa. Upasuaji kama huo hufanywa Lodwar, hospitalini. Kakuma mjini hatukuwa nao. Daktari alibonyeza upande mzima, ndiyo maana mama hakukunja uso, na kwa kuwa hakukunja uso akapewa dawa ya minyoo.

Ningesema pale pale. Mama mdogo alikuwa mbele yangu, anachambua utumbo. Kulikuwa na watu wanane uani. Niliona jinsi wangegeuka wote, mgeni kwenye kiti chake na yule mama na kisu chake, na mama mdogo angesema, nini hiyo? Nikajiambia tukifika nyumbani. Tulipofika nyumbani nikajiambia amechoka. Nikajiambia pia kwamba mimi ni mwanafunzi, daktari ni daktari, na yeye mwenyewe aliweka mkono. Kule uani, kabla hatujaondoka, nililetewa ini la kuchoma kwenye sahani, vipande viwili, nikavila. Lilikuwa laini. Naliandika hili kwa sababu ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba nilikula na lilikuwa na ladha nzuri.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mama mdogo akiwasha jiko, nilitoka nje nikamwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kiberiti. "Haya umeyajua lini?"

"Jana. Kwa mbuzi."

"Jana saa ngapi?"

"Ulipokuwa unachambua utumbo."

"Na nilikuwa nimekaa mbali nawe? Nakuuliza. Nilikuwa Nairobi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nilitafuta neno. "Kutazamwa."

Aliweka kiberiti chini. Nilidhani atanizaba kofi. Badala yake alianza kufunga kitambaa kichwani, kwa nguvu, kama anafunga mzigo. "Msafara wa Lodwar unaondoka saa moja kamili na askari wake. Gari letu linaenda na mafriji ya chanjo. Likiondoka, lingine ni Ijumaa. Na yule kijana hatanipa nafasi kwenye gari kwa sababu msichana wangu ameota mbuzi. Kwa hiyo mimi naenda kumwamsha. Wewe kimbia kwa huyo mama, uhakikishe. Kwa mwili wake. Usiniletee tena mbuzi."

Nilivuka laga nikikimbia, mchanga bado baridi. Nilipata ile pampu, nikauliza, nikaonyeshwa boma. Kaka yake na wanaume wengine wawili walikuwa wameketi kwenye vigoda vyao mlangoni mwa ua wa miiba, wanapiga mswaki kwa vijiti. Mama alikuwa amelala ubavu juu ya ngozi, nje ya kibanda, goti moja amelikunja hataki kulinyoosha. Uso ulikuwa na jasho, na jua lilikuwa halijatoka.

"Ejok?"

"Ejok," akasema. Huku mtu husema ejok hata akiwa amebakiza pumzi mbili.

Nikamwambia nimekuja kwa sababu jana nilikosea, na sasa nataka anionyeshe panapouma. Akawatazama wale wanaume. "Si nilikwambia? Mbuzi akilazwa—"

"Mbuzi hapana, mama. Wewe mwenyewe."

Akafumba macho. Mmoja wa wale wawili, nilikuja kujua baadaye, alikuwa mgeni aliyekuja kuposa kwenye nyumba hiyo. Mimi sikuweza kumwambia mwenye boma aondoke kwenye boma lake, akiwa na mgeni kama huyo. Wala mama hangeshika tumbo lake mbele yao, hata kwa kufa. Dakika zilikuwa zinakwenda. Nilisikia kwa mbali lori likipashwa moto upande wa barabara kuu.

Nikavua ndala. Nikajilaza chali kwenye mchanga, pale mbele yao wote, mikono kando, viganja juu.

"Mimi ndiye mbuzi," nikasema. "Njoo ukae miguuni."

Mmoja wa wanaume akatema mate ya mswaki. "Huyu wa kuchinja gani? Hata mafuta hana!"

"Mchunguze meno kwanza," mwingine akasema. "Asije akawa mzee."

Watoto wakatoka vibandani. Niliwaona kichwa chini miguu juu, wamejipanga wanacheka. Shingo yangu iliwaka, joto likapanda mpaka kwenye paji la uso, na sikuinuka. Mama naye alicheka, mara moja, kisha akajishika na cheko likakatika, akauma mdomo. Halafu akajikokota juu ya mchanga mpaka miguuni kwangu. Akainama. Kwa mkono wake wa kushoto, ule wenye bangili, akagusa sketi yangu, chini ya kitovu, pembeni, karibu na mfupa wa nyonga.

"Hapa," akasema. "Hapa, binti."

Bila kutazama, niliinua mkono wangu uliokuwa upande huo nikauweka juu ya wake. Ulikuwa mkono ninaoandikia.

Wale wanaume hawakucheka tena nilipowaeleza. Kaka yake aliazima mkokoteni wa maji wa jirani, wakautandika ngozi, wakamweka, wakausukuma wote watatu hadi ng'ambo ya laga, na yule mgeni wa posa ndiye aliyesukuma zaidi. Mimi nilitangulia nikikimbia.

Daktari alikuwa amesimama kando ya gari, kikombe cha chai mkononi, shati halijafungwa vifungo, mama mdogo akimwongelesha. Dereva alikuwa keshapanda. Kulikuwa na watu wengi pale, waliokuja kuomba nafasi.

"Daktari, jana niliandika vibaya," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Uliandika kushoto."

"Kushoto kwa anayechinja. Si kwake yeye. Kwake ni kulia."

Alinitazama kama mtu aliyeamka sasa hivi. Akaweka kikombe juu ya boneti. Mkokoteni ulipofika, mama mdogo alifungua leso yake akaitandaza kama ukuta, na kaka mtu akageuka mwenyewe akatazama barabara. Nyuma ya leso nilisikia daktari akisema taratibu, "Pole, mama, pole," kisha akabonyeza upande wa kulia, akaachia ghafla. Mama alipiga ukelele mmoja mfupi.

"Bado hakijapasuka," daktari akasema alipotokea. Alikuwa amekunja uso. "Nadhani bado. Lakini ni leo, si kesho. Ondoeni friji moja, apate pa kulala." Halafu akamtuma mtu ofisini, fomu ya jana ikaletwa. "Nani aliandika hii?"

Alijua ni nani. "Mimi," nikasema.

"Na aliyebonyeza ni mimi. Haya. Usifute. Kwenye fomu ya mgonjwa hatufuti. Piga mstari mmoja, neno lililokosewa libaki linasomeka, kule wajue nini kilitokea. Andika lililo sahihi. Kisha jina lako, lote."

Nilitoa penseli yangu mfukoni. Akaitazama, akanipa kalamu yake.

Niliweka fomu juu ya boneti iliyokuwa imeanza kupata joto. Nikapiga mstari mmoja juu ya kushoto, nikaandika kulia. Nikageuza, nikapiga mstari kwenye msalaba wa jana, nikaweka mwingine upande wa pili wa yule mtu asiye na macho. Nikaandika jina langu lote, majina yote matatu, kwa herufi kubwa. Kwenye nafasi ya saa nikajaza: kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi. Kisha nikapanda nyuma, kwa sababu Lodwar wangehitaji mtu wa kuuliza na kujibu, nikakaa kichwani kwake, pale ambapo kulia kwangu na kulia kwake ni upande mmoja.